Chupa ya Dawa ya Kupe

Kabla ya kwenda kuswali adhuhuri, Diriye Warsame alikuwa na mambo matatu ya kufanya. Alifunga kibanda chake kwa kufuli mbili. Akachukua uzi mweusi aliouchomoa kwenye shela kuukuu ya mkewe, akaukaza kutoka kwenye bawaba hadi kwenye msumari, usawa wa goti, ili atakayeingia aukate bila kujua. Kisha akaenda hatua kumi, akageuka ghafla kama mtu aliyeitwa jina, aone ni nani alikuwa akimtazama.

Mara nyingi aliyekuwa akimtazama ni mbuzi.

"Na huyo naye humwamini?" Mutua alimuuliza siku moja. Mutua alikuwa fundi wa injini kutoka Mwingi, na gereji yake ilikuwa kivuli cha mwarobaini uliopakana na kibanda cha Diriye, pale mtaani Iftin.

"Huyu mbuzi wa nani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Basi hata wewe humjui," Diriye akasema, akaenda kuswali.

Kazi ya Diriye ilikuwa moja tu, na mwaka ule wa 1996 hakukuwa na mwingine aliyeifanya Garissa nzima. Alisafisha na kuzirudishia uhai zile mbao zinazong'aa ndani ya magari ya wakubwa: kwenye dashibodi, kwenye milango, kuzunguka gia. Mbao hizo hupakwa vanishi huko Ulaya kwenye baridi, na watu ambao hawajawahi kuegesha gari Garissa mwezi wa pili. Jua la Garissa halina heshima kwa Mjerumani. Miaka mitatu tu, vanishi inapasuka kama tope la ukingo wa Tana maji yakishakwenda zake, na dashibodi ya mkubwa inaanza kufanana na kisigino cha mchungaji.

Hapo ndipo mkubwa alipomtafuta Diriye.

Diriye alizaliwa porini, mbele ya Modogashe, katika boma la ng'ombe wengi. Ukame wa themanini na nne ulipomaliza kazi yake, wakabaki wanane, na Diriye, mwenye miaka kumi na tisa, akapanda nao lori kwenda Nairobi kuwauza. Ng'ombe waliuzwa. Yeye hakuwa na haraka ya kurudi kuchunga vumbi. Akapata kufagia katika karakana ya samani ya Mhindi, na baada ya miaka miwili ya ufagio, mzee mmoja wa hapo waliyemwita Mistri akamtia kitambaa mkononi.

"Ona," Mistri alimwambia, "mkono nakwenda kama namba nane. Hapana simama. Wewe simama, vanishi nakamata wewe."

Mistri alimfundisha pia kwamba mbao ina mgongo, na fundi anayesafisha uso akaacha mgongo, huyo ni mpaka rangi tu, aende akapake kuta. Diriye alilishika neno hilo kama alivyoshika Fatiha. Hakuna kibao kilichotoka mkononi mwake bila kusafishwa mgongo, hata kama mgongo huo utagandamana na chuma ambacho hakuna mtu atakayekiona mpaka kiyama.

Jambo la tatu alilojifunza Nairobi hakufundishwa na Mistri. Siku moja mteja alisema vitasa vya fedha vya kabati lake vimeibwa karakanani. Wafanyakazi kumi na mmoja wakapekuliwa. Kumi wakapekuliwa mara moja. Diriye, Msomali pekee, akapekuliwa mara mbili, na mara ya pili mpaka ndani ya viatu. Wiki iliyofuata vitasa vikaonekana kwenye droo ya mke wa mteja mwenyewe. Hakuna aliyemwambia pole. Tangu siku hiyo Diriye akaamua kwamba hapa duniani kuna anayeshuku na anayeshukiwa, na nafasi ya kwanza ina hewa zaidi.

Alirudi Garissa mwaka tisini na moja, akaoa, akajenga kibanda, na shida yake mpya ikaanza: harufu.

Polishi yake ilitengenezwa kwa magamba ya gundi, mepesi na mekundu kama maganda ya kitunguu, yaliyoyeyushwa kwa spiriti, ile ya zambarau inayouzwa madukani ya kuwashia stovu. Bila spiriti hakuna polishi. Na spiriti, hata uifue kwa sabuni ya namna gani, inabaki shatini. Alipoingia dukani, mwenye duka alirudi nyuma kidogo. Akina mama wa mtaa walivuta mitandio puani alipopita, wakaiachia akishapita, na wakaanza kunong'ona.

"Waambie tu ni spiriti ya kazi," mkewe Ifrah alimshauri.

"Niwaambie spiriti? Neno la pili watakalolisikia ni baa."

"Sasa hivi wanasikia neno gani?"

Diriye alikwenda akaimimina spiriti yake katika chupa kubwa ya dawa ya kupe, ile yenye picha ya ng'ombe aliyenona akitabasamu. Katika mji ambao kila nyumba ya pili ina chupa hiyo nyuma ya mlango, nani angeuliza? Akajiona mwerevu. Ifrah akamwona alivyojiona.

Jumatatu moja, Mercedes ya rangi ya maziwa ikasimama mbele ya kibanda. Mwenyewe alikuwa Haji Sakariye, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu ambaye akikohoa sokoni bei zinasubiri amalize. Kiti cha nyuma alikaa mama yake, Timiro, ambaye mji mzima ulimwita Ayeeyo, bibi. Alikuwa mdogo kama kifurushi na macho yake hayakupepesa.

"Alhamisi baada ya alasiri gari hili linambeba binti yangu Leyla kwa mumewe," Haji akasema. "Mbao hizi zinaniaibisha. Utaweza?"

Diriye akainama ndani. Vanishi ilikuwa imepasuka kote, na nyufa zimejaa vumbi na mafuta ya vidole. Lakini chini yake aliona mistari myeusi na ya kahawia, kama ubavu wa punda milia, ikianzia mlango wa dereva mpaka wa abiria bila kukatika. Zilitoka kwenye gogo moja. Mbao za namna hiyo alikuwa amezishika mara mbili tu maishani.

"Nitaweza. Jumatano alasiri uje uchukue."

Akaanza kuvichomoa vipande kimoja kimoja kwa kisu cha mbao, akivilaza juu ya gunia. Vilikuwa saba. Haji alihesabu kwa sauti. Diriye naye alihesabu, kwa sauti ya juu zaidi. Kipande cha saba kilikuwa kifuniko cha kisanduku cha majivu ya sigara, na Diriye alipokigeuza uso juu, Haji akaweka kidole gumba juu yake upesi, kama anayefuta vumbi. Kidole kilipoondoka, Diriye akaona alichofunika: alama nyeusi, ya duara, mahali sigara ilipoachwa ikaungua.

Haji hakuvuta sigara. Mji wote ulijua kwamba Haji hakuvuta sigara, kwa sababu aliusema ubaya wake kila mahali alipokaa.

"Hii ni ya ndani sana," Diriye akasema taratibu. "Nikiifuata kwa msasa nitatoboa."

"Iache," Haji akasema. "Ni... ipo tu. Iache."

Wakati huo Ayeeyo alikuwa ameshuka. Alisimama mlangoni mwa kibanda, pua juu, akivuta hewa kidogo kidogo kama anayeonja maziwa.

"Ni nini hicho?"

"Kipi, Ayeeyo?"

"Hicho kinachonuka."

Diriye akaonyesha chupa. "Dawa ya kupe."

Ayeeyo akalitazama gari, kisha akamtazama yeye. "Gari lina kupe?"

Mutua, chini ya lori la mtu, akacheka, spana ikamwangukia kifuani.

"Ni ya wadudu wa mbao," Diriye akasema. "Inafanana. Wadudu ni wadudu."

"Nimeogesha ngamia kwa dawa hiyo miaka arobaini," Ayeeyo akasema, na hakuongeza. Neno lililobaki mdomoni mwake lilimtia Diriye wasiwasi kuliko alilolisema.

Haji akasema mama yake ana kiu, Diriye amletee maji. Diriye akaenda hadi nyumbani, mlango wa tatu, akarudi na bilauri. Aliwakuta wote wawili wamesimama vile vile alivyowaacha. Vile vile kabisa. Hilo nalo hakulipenda.

Baada ya wao kuondoka kwa gari la jirani, alianza kazi. Kwanza kitambaa laini, sabuni kidogo, na maji machache yasiyotosha kumlowesha nzi. Uchafu ukatoka mweusi. Kisha akachukua kipande cha kioo kilichovunjika, akakiegemeza juu ya vanishi kuukuu na kukivuta pole pole. Vanishi ikatoka kama vumbi jeupe jembamba. Hapo ndipo mtu anaposhika pumzi, kwa sababu mbao yenyewe si mbao, ni utando uliobandikwa juu ya ubao mwingine, mwembamba kama ukucha. Mkono ukitetemeka, umetokea upande wa pili.

Akageuza vipande asafishe migongo. Akasimama.

Kila mgongo ulikuwa na mistari mitatu mifupi, iliyochorwa na kitu chenye ncha. Ilikuwa mipya, na vumbi lake la mbao bado lilikuwa jeupe.

Alikwenda kwa Mutua moja kwa moja. Kwa Mutua aliongea Kiswahili, na akikasirika Kiswahili chake kilipoteza herufi njiani.

"Wewe nani alikuja hapa bahali yangu?"

"Sijaona mtu."

"Wewe nachora mbao yangu?"

"Diriye, mimi nimelala chini ya lori tangu asubuhi. Ningekuwa na mkono wa kufika huko ningeshika chai."

Diriye alirudi akaitazama mistari ile kwa muda mrefu. Alifikiria uchawi. Alifikiria fundi fulani wa Isiolo aliyekuwa akiulizia bei zake. Akafikiria kwamba Mutua alikuwa amecheka mapema mno. Mwisho akafanya ambalo Mistri angelifanya: akachukua msasa na kuifuta yote, saba mara tatu, mpaka migongo ikawa safi kama siku ilipotoka kiwandani.

Jumanne alianza alfajiri, kabla upepo wa vumbi haujaamka. Alikunja pamba ndani ya kitambaa cha shuka kuukuu, akaitia polishi, akadondosha tone moja la mafuta ya simsim ili isikamate, na mkono ukaanza kwenda. Namba nane, namba nane, bila kusimama. Mpako wa kwanza mbao iliunywa wote. Wa pili ikaunywa nusu. Kufikia wa nne mistari ile ya punda milia ikaanza kuonekana ndani kabisa, kana kwamba unaichungulia kupitia maji ya birika. Watu waliomjua Diriye walisema uso wake ulilegea saa hizo tu. Siku hiyo aliukaza uzi wa mlango hata akiwa ndani, na ukakatika mgongo wake ukiuelekea mlango. Alipogeuka akamkuta mbuzi.

Jumatano alasiri vipande saba vilikuwa mahali pake. Haji alikuja na mama yake, akaketi, akapitisha mkono hewani juu ya mbao bila kugusa, akatabasamu mara moja.

"Usifunge vioo mpaka kesho," Diriye akamwambia. "Usiguse. Gari likae kivulini, lisipate joto."

"Kwa nini?"

Hapa angeweza kueleza. Angeweza kusema, Haji, ndani ya polishi kuna spiriti, na mpaka spiriti iishe yote mbao ni laini kama mtoto wa siku moja. Lakini kueleza hivyo ni kulitaja lile neno, na Ayeeyo alikuwa pale pale, pua juu.

"Kwa sababu ndivyo kazi yangu ilivyo," akasema.

Haji na mama yake wakatazamana.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Mercedes ilirudi ikikata kona kwa kasi ya gari la doria. Haji akashuka na kuuacha mlango wazi. Hakusalimu, na Msomali asiposalimu asubuhi, watu huacha wanachofanya. Mutua akatoka chini ya lori. Wapita njia wawili wakakumbuka kwamba hawana haraka.

"Tazama," Haji akasema.

Diriye akatazama. Mbao zilikuwa nyeupe. Ukungu ulikuwa umezifunika zote, kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho, na mistari ya punda milia haikuonekana hata mmoja. Akagusa. Kidole kikanata.

"Mbao zangu ziko wapi?" Haji akauliza.

"Ni hizi, Haji."

"Hizi ni plastiki. Zangu umezipeleka Nairobi." Akainama, akakichomoa kile kifuniko cha kisanduku cha majivu, akakigeuza. "Jumatatu, ulipokwenda kuleta maji, nilichora mistari mitatu nyuma ya kila kipande. Mitatu! Kwa ufunguo. Iko wapi?"

"Kumbe ni wewe!" Diriye akapayuka.

"Siku tatu ananiuliza mimi," Mutua akawaambia wapita njia. "Siku tatu!"

"Niliifuta," Diriye akasema. "Mimi husafisha na mgongo. Nilidhani ni mtu mbaya."

"Ni nani husafisha mgongo wa mbao usioonekana?" Haji akauliza, na swali lake lilikuwa na akili mno, hata wapita njia wakatikisa vichwa. "Sikiliza. Baada ya alasiri namchukua binti yangu. Kabla ya hapo nitakuwa msikitini, na watu watakuwepo. Nitalitaja jina lako mara moja tu. Mwizi. Na mama yangu anasema kuna neno la pili."

"Mlevi," Ayeeyo akasema kutoka kiti cha nyuma.

Diriye alijua hesabu yake ilivyo. Mtu humwachia gari fundi anayemwamini, na Garissa humwamini yule ambaye hajatajwa. Haji Sakariye akilitaja jina lake mara moja msikitini, kesho yake hakuna mwenye gari atakayesimama Iftin, wala keshokutwa. Atarudi kwenye ufagio. Ng'ombe wa kupandia lori la Nairobi safari hii hana.

Bado alikuwa akikisugua kidole kwenye kidole, kwa sababu kile kilichonata hakikuwa vanishi. Vanishi mbovu hunata kama utomvu. Hiki kilinata kama chai iliyomwagika. Akakinusa. Akakitia ulimini.

Kilikuwa kitamu.

"Sukari," akasema. Akanusa tena: sandali, udi, karafuu. Nyumba zote za Wasomali hunukia hivyo baada ya magharibi. "Nani amechoma uunsi ndani ya gari hili?"

Haji akamgeukia mama yake. Uunsi hupikwa kwa sukari na manukato mpaka uwe kama jiwe, kisha huvunjwa na kuwekwa juu ya makaa ndani ya chetezo cha udongo. Kila mama ana mapishi yake.

"Mimi," Ayeeyo akasema. "Jana baada ya isha."

"Vioo vikiwa vimefungwa?"

"Sasa moshi ungekaa wapi? Porini?" Aliteremka, kijitambaa cha shela mkononi. "Gari lilinuka pombe. Mjukuu wangu hataingia kwa mumewe akinuka pombe ya fundi. Nikaketi mle na chetezo miguuni, nikanyunyiza maji ya waridi, nikatoka jasho kama mtu mwenye homa, mpaka harufu yako ikakimbia."

Diriye alifumba macho. Makaa, mvuke wa maji ya waridi, moshi wa sukari, vioo vimefungwa, juu ya mbao ambayo haijakauka. Hata adui wa kazi yake asingeweza kupanga maangamizi mazuri hivyo. Na kilichoyapanga ni mapenzi ya bibi kwa mjukuu wake, basi.

Dawa ya ukungu ule aliijua. Ilikuwa ya dakika kumi. Unafuta sukari kwa maji ya vuguvugu, unakausha, kisha unapitisha kitambaa chenye spiriti kidogo tu, kinachogusa na kuondoka, gusa na uondoke, mpaka polishi ilainike na kuachia unyevu ulionaswa ndani. Tatizo lilikuwa moja. Spiriti ilikuwa ndani ya chupa ya dawa ya kupe.

"Niachieni gari," akasema. "Rudini saa nne, mtalikuta safi."

"Nikuachie?" Haji akasema. "Tena?"

"Basi simameni kule kwa Mutua."

"Nitasimama hapa," Haji akasema. "Na mkono wako nitauona."

Diriye akaingia kibandani. Aliishika ile chupa, akamtazama ng'ombe aliyetabasamu, akakumbuka viatu vyake vilivyovuliwa Nairobi mbele ya watu kumi. Aliwaza kuchukua polishi nyingine, ashindwe makusudi, aseme imeshindikana. Hiyo ilikuwa njia ya kuitwa mwizi tu bila kuitwa mlevi. Akasimama hapo akilinganisha majina mawili kama mtu anayechagua viatu, vyote vya mguu mmoja. Kisha akatoka na chupa, akaiweka juu ya boneti, mahali ambapo hata mpita njia wa mwisho angeiona.

"Ayeeyo," akasema, "hii si dawa ya kupe."

"Najua si dawa ya kupe. Hata ng'ombe huyo anajua."

"Ni spiriti. Ya stovu. Ndiyo inayoyeyusha gundi yangu, na ndiyo inayonuka. Hainywewi, ina sumu. Rangi yake imetiwa makusudi." Akamimina kidogo kwenye kizibo, ikawa ya zambarau juani. "Miaka mitano naficha, nisiitwe mlevi."

"Tulikuita," Ayeeyo akasema. "Miaka mitano."

Mutua alikohoa.

Ayeeyo akakinusa kile kizibo, akarudisha kichwa nyuma, machozi yakamtoka. Kisha akamsogelea Diriye mpaka paji lake likafika kifuani pake.

"Inama. Nipumulie."

"Ayeeyo, watu wanatazama."

"Ndiyo maana nakwambia sasa. Haa! Toa yote."

Diriye akainama, fundi mzima wa miaka thelathini na moja, akampumulia bibi usoni mbele ya gereji. Ayeeyo alifumba macho kama anayesikiliza.

"Maziwa ya ngamia," akatangaza. "Tangawizi. Kitunguu cha jana. Mwambie mkeo apunguze kitunguu." Akarudi nyuma. "Fanya kazi yako."

Diriye akafuta sukari, akakausha. Akatia matone machache kwenye kitambaa, akakipiga kiganjani ili kisiwe na majimaji, akakipitisha juu ya dashibodi kama mtu anayempangusa mtoto aliyelala. Harufu ikatoka, hakuna aliyeiziba pua. Ukungu ukasita. Halafu ukaanza kurudi nyuma, taratibu, kutoka mlango wa dereva kwenda kwa abiria, na mistari ya punda milia ikajitokeza chini yake, ikapita kwenye gia, ikashika upande wa pili bila kukatika.

"Aisee," Mutua akasema.

"Plastiki haiunganiki hivi," Diriye akasema bila kuinua kichwa. "Gogo moja. Angalia mstari huu unaingia wapi."

Haji aliangalia. Uso wake ulikuwa bado umefungwa. Mistari mizuri si ushahidi. Hata mwizi mzuri angechagua mistari mizuri. Diriye akachukua kifuniko cha kisanduku cha majivu, cha mwisho, akakipitisha kitambaa mara mbili. Ukungu ukaondoka. Chini ya polishi inayong'aa, ikang'aa na yenyewe, ile alama nyeusi ya duara.

Macho ya Haji yakatua hapo. Diriye akayaona yakitua.

"Ni mbao zangu," Haji akasema upesi. "Ni zenyewe. Nimezitambua."

"Umezitambuaje?" Ayeeyo akauliza.

"Hivi tu, Hooyo," Haji akamjibu mama yake.

"Dakika moja zilikuwa plastiki." Ayeeyo akaingiza kichwa kati yao. Akakitazama kile kifuniko. Akakileta puani, kwa mazoea. "Na hii je?"

Haji Sakariye, mtu ambaye akikohoa bei husubiri, alimtazama Diriye kwa macho ambayo Diriye hakuwahi kuyaona kwa tajiri. Aliyafahamu, maana yeye mwenyewe aliwahi kuwa nayo, akiwa amesimama na soksi.

"Gari lilikuwa na mwenyewe wa kwanza, Ayeeyo," Diriye akasema. "Watu wa Nairobi. Wanavuta sana."

"Mm," Ayeeyo akasema. Akamtazama mwanawe kwa muda ambao ungetosha kuogesha ngamia mmoja. "Mwenyewe wa kwanza."

Saa kumi na nusu Mercedes ilipita Iftin ikiwa na Leyla nyuma, vioo vyote wazi, uunsi umechomwa kwenye nguo si kwenye gari. Msikitini Haji hakulitaja jina la mtu. Jumamosi gari la ndugu yake lilisimama kwenye kibanda, na baadaye la mtu wa ofisi ya wilaya. Mlangoni mwa gari kila mmoja alimsogelea Diriye kidogo na kuvuta pumzi, akidhani haonekani.

Chupa ilihamia kwenye rafu iliyoelekea barabara, na karatasi ya ng'ombe imebanduliwa. Jumanne Ayeeyo alikuja kwa miguu, na mto wake wa mti wa kulalia, aliourithi kwa mama yake, uliopauka. Alitaka ung'ae kama gari. Akaketi kwenye gunia, akamtazama Diriye akifanya kazi mpaka mwisho, bila kupepesa. Alipoinuka, alichukua kipande cha mkaa, akaikaribia chupa, akachora mstari penye kikomo cha spiriti.

"Wiki ijayo nitakuja kutazama imeshuka wapi," akasema. "Na umefanya kazi ngapi."

"Ayeeyo! Bado hujaniamini?"

"Mimi nakuamini. Mstari ni wa watu wakiniuliza."

Alipoondoka, Diriye alifunga kufuli mbili, akakaza uzi wake, akaenda hatua kumi na kugeuka. Mbuzi alikuwa pale. Alirudi, akafungua kila kitu upya, akaingia kuhakikisha kwamba mstari wa mkaa haujafutika. Kisha akachora wa pili, mdogo, nyuma ya chupa, mahali ambapo yeye peke yake angejua kuutafuta.